UZI: Lee Mi-ja, malkia wa trot aliyefungiwa wimbo miaka 22 (na jina la trot lenyewe halipendi)

#1 Mpanda_Treni (mleta mada)

Wanajamvi, salaam.

Jukwaa hili kila ukifungua ni BTS, Blackpink, nani kaachana na nani. Sina ugomvi na vijana. Ila leo nipeni nafasi nimzungumzie bibi mmoja wa Kikorea ambaye wazazi wa hao vijana wakiwa bado hawajazaliwa, yeye alishafungiwa wimbo na serikali. Anaitwa Lee Mi-ja, mwimbaji wa trot, nyimbo za zamani za Kikorea za kulia na sauti.

Nianze na nilivyomjua. Nilikaa Korea miaka 3, nimepanga chumba juu kwa bibi mmoja, halmoni kama wanavyowaita. Mwishoni mwa Novemba ni msimu wa kimjang, yaani kutengeneza kimchi ya kulia majira yote ya baridi. Kabichi za kichina zinalala kwenye maji ya chumvi usiku kucha, asubuhi wanawake wanakaa chini wanazipaka pilipili jani kwa jani. Kazi yangu ilikuwa kubeba mabeseni. Walikuwepo kina mama watano, wanaongea wote kwa pamoja, na redio iko dirishani inaimba peke yake hakuna anayeisikiliza.

Mara ukaanza wimbo mmoja wa polepole. Wote kimya. Halmoni kavaa glavu za mpira za rangi ya waridi mpaka kwenye viwiko, pilipili inachuruzika, akaanza kuimba chinichini bila kuinua macho kwenye kabichi. Wengine wakamfuata. Wimbo ulipoisha mmoja akatupa neno, wakacheka, kelele zikarudi palepale zilipoachiwa.

Nikamuuliza ule wimbo gani. Akasema "Dongbaek Agassi", Binti wa Kamelia. Akaongeza: ulikatazwa mimi nikiwa binti mdogo, ukaja kuruhusiwa nikiwa na watoto wakubwa. Nikauliza kwa ujinga wangu: sasa kama ulikatazwa, halmoni, ninyi wote mliujulia wapi? Akaniangalia vile bibi anavyomwangalia mtu aliyeuliza maji yanatoka wapi. Akanipa beseni lingine.

Tangu siku hiyo nikaanza kumfuatilia huyu mama. Niliyoyapata ndiyo haya.

Amezaliwa Seoul Oktoba 1941, Korea ikiwa bado koloni la Japani. Vita vya Korea vilipoanza 1950 alikuwa hajatimiza miaka 9. Mwaka 1958, bado msichana, alishinda shindano la waimbaji chipukizi kwenye HLKZ, kituo cha kwanza cha televisheni nchini humo, wakati wenye televisheni walikuwa wa kuhesabu. Mtunzi Na Hwa-rang akamchukua, na 1959 akatoa wimbo wake wa kwanza, "Yeolaheop Sunjeong". Unahusu mapenzi ya msichana wa miaka 19. Mwimbaji mwenyewe alikuwa na 17.

Kisha ikaja 1964. Kuna filamu inatengenezwa, binti wa kisiwani anampenda mwanafunzi kutoka Seoul, mwanafunzi anarudi zake mjini, binti anabaki na mimba. Wanahitaji wimbo wa filamu. Muziki akatunga Baek Young-ho, maneno Han San-do. Lee Mi-ja alikuwa na miaka 22 na yeye mwenyewe ni mjamzito, siku zimekaribia. Amewahi kusimulia kwamba ilikuwa kiangazi, studio haina kiyoyozi, akarekodi miguu imezama kwenye beseni la maji baridi.

Sasa sikilizeni hiyo rekodi mkijua hilo. Huyo mwenye sauti tulivu hivyo, anayeimba habari za msichana aliyeachwa na ujauzito, ana mtoto tumboni na miguu kwenye beseni.

Filamu yenyewe leo wachache wanaikumbuka, lakini wimbo uliuza nakala zaidi ya 100,000, hesabu ambayo kwa Korea ya wakati ule, nchi maskini, watu wananunua mchele kwa kupima, ilikuwa haijawahi kuonekana. Maneno yake ni machache. Usiku usiohesabika, kulia mpaka kuchoka, na petali za ua zimewiva wekundu kama mahali palipovilia damu. Kamelia huchanua kwenye baridi huko visiwani kusini, na likianguka halipukutiki, linadondoka zima, jekundu vilevile, limelala chini. Aliyewahi kuona njia iliyojaa hayo maua haulizi kwa nini mtunzi alichagua kamelia.

Halafu 1965 ukafungiwa. Naendelea kwenye comment inayofuata, chaji inakata.

#2 Kitunguu_Maji

Mkuu umetuacha penye utamu. Nimevuta kiti, nimeweka na chai. Kosa la wimbo ni nini hapo? Mimba?

#3 Mla_Urojo

Nimeusikiliza sasa hivi. Walahi hii ni taarab. Ile ya zamani ya kukaa kitako, mwimbaji hatikisiki, analia na sauti tu. Kasoro udi.

#4 Mpanda_Treni

Nimerudi.

@Mla_Urojo kwa kusimama umemweza. Lee Mi-ja husimama kama mlingoti, mikono imetulia, hata kichwa hageuzi ovyo. Ila kimuziki ni vitu viwili. Taarab imechota kwa Waarabu, sauti zake zinapita kwenye nafasi ambazo piano haina. Trot inakaa kwenye ngazi ya sauti tano, mdundo wa mbili mbili, ndiyo maana wanaoidharau wanaiita ppongjjak, wanaigiza tu mlio wa ngoma. Neno trot lenyewe limetokana na foxtrot, dansi ya Wazungu. Utamu uko kwenye kkeokki, pale mwimbaji anapoivunja noti katikati kama anayemeza kwikwi.

@Kitunguu_Maji mimba haikuwa kosa. Kosa liliitwa waesaek, "rangi ya Kijapani". Yaani wimbo unanukia Ujapani.

Weka hali ya nchi hapo. Mtawala ni Park Chung-hee, jenerali aliyeingia kwa mapinduzi 1961. Anataka kurudisha uhusiano na Japani, kuna fedha nyingi za kujengea viwanda. Wanafunzi wanajaa barabarani, Juni 1964 anatangaza sheria ya kijeshi Seoul, na Juni 1965 mkataba unasainiwa hivyohivyo. Watu wanasema ameuza nchi. Sasa serikali inayotuhumiwa kuipenda Japani inajisafisha vipi kwa bei rahisi? Inafungia nyimbo zinazofanana na za Kijapani. Wimbo unaopigwa kila kona ndio ukawa wa kutolewa mfano.

Na Park huyohuyo aliwahi kuwa luteni kwenye jeshi la Manchukuo, dola ya kibaraka ya Wajapani. Mnielewe ninaposhindwa kuuchukulia huo uzalendo kwa uzito.

Wapo pia wanaodai kampuni pinzani za santuri zilichochea kwa kuwa Jigu, waliotoa wimbo, walikuwa wanawamaliza sokoni. Hayo yabaki madai.

#5 Mzee_wa_Santuri

Kijana umeeleza vizuri lakini umelainisha upande mmoja. Usiwafanye waliochukia "rangi ya Kijapani" kuwa wajinga wote. Wakorea walitawaliwa miaka 35. Mwishoni mwake lugha yao ilitolewa shuleni na 1940 wakashinikizwa kubadili hata majina ya ukoo kuwa ya Kijapani. Mtu aliyeitwa kwa jina asilopewa na baba yake, miaka 20 baadaye anasikia redioni muziki uliokaa kama enka, nyimbo za majonzi za Kijapani. Acha akasirike. Ana haki.

Lakini na hilo la asili ya muziki si jepesi kama wafungiaji walivyotaka. Koga Masao, mtunzi ambaye Wajapani wanamhesabu baba wa huo muziki wao, alikulia Korea, amesoma Seoul. Nani kachukua kwa nani hapo? Na mwaka 1935, ndani ya ukoloni, Yi Nan-young aliimba machozi ya bandari ya Mokpo na Wakorea wakaupokea kama kilio chao wenyewe. Kama muziki ni wa mkoloni, imekuwaje ukawa wa kulilia mateso ya mkoloni?

Mimi santuri ninazo tangu 1971 na nimejifunza kitu kimoja: wimbo hauulizwi pasipoti.

#6 Mpanda_Treni

Mzee, shikamoo. Nakubali, nililainisha. Hasira ilikuwa ya kweli. Ninachogomba nacho ni nani aliyeishika hiyo hasira na kuitumia.

Na ushahidi wangu ni huu: pale Japani haikutosha kama sababu, zikatafutwa sababu nyingine. Lee Mi-ja alifungiwa nyimbo 3 kubwa, si 1. "Seommaeul Seonsaengnim", mwalimu wa kijiji cha kisiwani, uliambiwa umeiga wimbo mwingine. Na "Gireogi Appa", baba bata bukini, mnajua ulifungiwa kwa nini? Kwa sababu unahuzunisha mno. Ndiyo, serikali ilikaa kikao ikaamua wimbo una huzuni iliyozidi kiwango. Nchi iko kwenye kampeni za kujenga taifa, watu waamke asubuhi wakiwa na furaha.

Pembeni kidogo: hilo jina la baba bata bukini lilikuja kupata maisha mengine. Kuanzia miaka ya 90 Wakorea wanamwita hivyo kila baba anayebaki peke yake nyumbani akituma hela kwa mke na watoto walioko ng'ambo kusoma. Huzuni iliyofungiwa ikageuka kuwa neno la kila siku.

#7 Dada_Kimchi

Mimi naishi Busan mwaka wa 5 sasa. Naomba nichangie kitu mtu hawezi kukiona mtandaoni. Ukisafiri kwa basi la mikoani hapa, dereva anasimama hyugeso, kituo cha kupumzikia barabara kuu, dakika 15. Pale kuna vyoo, soseji kwenye kijiti, viazi vya kukaanga, na lazima kuna kibanda cha trot. Zamani kaseti, sasa USB za medlei, yaani nyimbo zilizoungwa mfululizo, mia na kitu kwenye kijiti kimoja, spika imeelekezwa kwako uanze kutikisa kichwa bila kupenda. Madereva wa malori ndio wateja. Wenyewe wanasema trot inazuia usingizi.

Hiyo biashara ya kaseti za medlei aliyeilipua ni Joo Hyun-mi, mwaka 1984. Alikuwa mfamasia! Ana duka lake la dawa, akarekodi medlei, ikauzwa kama njugu. Huyu ndiye alisimama jukwaani na Lee Mi-ja kwenye onyesho la kuaga 2025, kwa hiyo nimemkumbuka.

@Mpanda_Treni hujasema kwa nini halipendi jina la trot.

#8 Kitunguu_Maji

Mfamasia kaacha dawa kaenda kuimba. Mama yangu angezimia.

#9 Mpanda_Treni

@Dada_Kimchi asante, na hayo ya hyugeso nimeyala sana, soseji zao hazina mfano.

Jina. Yeye miaka yote husema anachoimba ni jeontong gayo, nyimbo za asili za watu. Ukimsikiliza utajua hoja yake. Trot ya leo ina pambo: suti za kung'aa, kiuno, mzaha, sauti inavunjwavunjwa mpaka inachoka. Yeye anaivunja noti kwa uchache sana, kama mpishi anayejua chumvi. Anaiachia sauti inyooke, anaipindisha pale tu neno linapouma. Wanaomwita mwimbaji wa trot wanamweka kwenye rafu moja na ppongjjak, dharau ambayo ilimfuata tangu ujana.

Na dharau ilikuwepo kweli. Mwaka 1989, akitimiza miaka 30 ya kuimba, aliomba kufanya onyesho Sejong, ukumbi mkubwa wa Seoul uliofunguliwa 1978 kwa ajili ya okestra, opera na ngoma za kifahari. Kukazuka maneno: ukumbi utashushwa hadhi, wataingia watu wa aina gani. Aliimba, akawa msanii wa kwanza wa nyimbo za aina yake kupanda pale. Wakati huo nyimbo zake 3 zilikuwa zimefunguliwa miaka 2 tu nyuma, 1987, baada ya maandamano makubwa ya kudai demokrasia. Hesabuni: 1965 mpaka 1987. Miaka 22.

Katika miaka hiyo hakukaa kimya. Serikali ilifunga nyimbo, haikumfunga yeye. Alikwenda Vietnam kuwaimbia wanajeshi wa Korea. Mwaka 1967 ilitoka filamu ya maisha yake, jina lake ni Malkia wa Nyimbo za Majonzi, na hilo likabaki jina lake la utani mpaka leo. Alikuwa na miaka 25! Mtu wa miaka 25 anatengenezewa filamu ya maisha yake na bado ana miaka 58 mingine ya jukwaa mbele. Jumla amerekodi nyimbo zaidi ya 2,000.

#10 Mla_Urojo

Kuna kitu nimekisikia, kwamba Wajapani waliomba wamnunulie koo lake, akifa walipasue waone sauti inatokea wapi. Kweli?

#11 Mpanda_Treni

Hahaha, hiyo hadithi kila Mkorea mzee anaijua. Yeye mwenyewe alishasema haina ukweli. Lakini tazama ilivyotengenezwa: serikali inasema sauti yake ni ya Kijapani, wananchi wanajibu kwa hadithi kwamba Wajapani wanaitamani hawana. Mimi kwa hilo tu ninaipenda ingawa ni uongo.

#12 Mzee_wa_Santuri

Umesahau Pyongyang.

#13 Mpanda_Treni

Sijasahau Mzee, nilikuwa naiwekea nafasi. Septemba 2002 alikwenda kuimba Pyongyang, kaskazini, na onyesho likapewa jina la wimbo uleule, Binti wa Kamelia. Wimbo ambao kwao wenyewe kusini ulikuwa marufuku kwa miaka 22 ukavuka mpaka ambao watu wa kawaida hawawezi kuuvuka hata kumzika ndugu.

Ila mimi kilichonimaliza ni Frankfurt, Oktoba 2013. Kuanzia 1963 Korea ilipeleka vijana Ujerumani Magharibi kuchimba makaa ya mawe, kama 8,000 hivi, na wauguzi zaidi ya 10,000. Hela walizotuma zilisomesha wadogo zao. Wengi hawakurudi, wameolewa huko, wamezeekea huko. Miaka 50 baadaye Lee Mi-ja, naye ana miaka 71, akawafuata kuwaimbia. Itafuteni hiyo video. Msimwangalie yeye, waangalieni waliokaa. Wanawake wenye nywele nyeupe, wameondoka kwao wakiwa na miaka ishirini na kitu, na wimbo waliouacha redioni siku wanaondoka (wengine waliouacha ukiwa tayari haupigwi redioni) unaimbwa na mwenye sauti yake mwenyewe, hatua chache mbele yao. Midomo yote inatembea. Hakuna mwenye karatasi ya maneno.

Hapo nikakumbuka halmoni na beseni langu.

#14 Dada_Kimchi

Umeniliza saa mbili asubuhi niko kwenye subway.

#15 Kitunguu_Maji

Mimi bado sijaelewa kwa nini sasa hivi trot imerudi kwa kasi. Mke wangu anaangalia mashindano ya Kikorea ya kuimba, wamejaa vijana wadogo wanaimba hizo hizo.

#16 Dada_Kimchi

Hayo yameanza 2019, Miss Trot, akashinda Song Ga-in. Mwaka uliofuata Mr. Trot ikalipuka kabisa. Fainali ya Machi 2020, corona imeanza, wazee wengi wamejikalia ndani, watu wakapiga kura za ujumbe mfupi zaidi ya milioni 7, mtambo ukazidiwa, matokeo yakasubiriwa siku mbili! Akashinda Lim Young-woong, na jina lake la pili, Young-woong, maana yake shujaa. Tiketi zake hapa ni vita. Kina mama wa miaka 60 na 70 hawajui kugombania tiketi mtandaoni, kwa hiyo kazi hiyo ni ya watoto. Wanaiita tiketi ya kumheshimu mzazi. Mimi mwenyewe nimemgombania mama mkwe, kompyuta mbili na simu tatu, tumeambulia patupu. Wiki nzima hakunisemesha.

#17 Mpanda_Treni

Pole sana, hiyo kesi ni ya ukoo.

Na Lee Mi-ja kuhusu hawa vijana hakuwafungia mlango. Oktoba 2023 serikali, hii hii iliyowahi kumfungia ingawa kwa sura nyingine, ilimpa nishani ya utamaduni ya daraja la juu kabisa, Geumgwan, taji la dhahabu. Mwimbaji wa kwanza wa muziki wa burudani kuipata. Kisha Aprili 26 na 27, 2025, ana miaka 83, akarudi Sejong kwa onyesho alilosema ni la mwisho. Neno kustaafu hakulipenda (huyu mama na majina!). Akalipa jina lenye maana ya kuunganisha mshipa usikatike, akawapandisha jukwaani Joo Hyun-mi na Cho Hang-jo, halafu na washindi wapya wa hayo mashindano anayoangalia mke wa Kitunguu, Jung Seo-joo na Kim Yong-bin. Ukumbi uleule ambao 1989 waliogopa atauchafua.

Mnaotaka kumsikiliza: anzeni na "Dongbaek Agassi", rekodi ya 1964, ile yenye mikwaruzo, msichukue iliyosafishwa. Kisha "Heuksando Agassi", binti mwingine wa kisiwani, huyu anaitamani Seoul ya mbali mpaka anaungua kuwa mweusi. Kisha "Seommaeul Seonsaengnim". Mkimaliza hapo mtajua wenyewe kama mnaendelea.

#18 Mla_Urojo

Nimempigia bibi yangu hapa nyumbani huo wa kwanza. Hajui hata Korea iko wapi. Kasikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Huyu analilia nini?"

#19 Mpanda_Treni

Mwambie mwanaume amekwenda mjini hajarudi.

#20 Mla_Urojo

Nimemwambia. Kasema alishajua, alikuwa anauliza mji gani tu.